Kalamu ya babu haijavunjika, nibu yake imefichwa makusudi

Swali la msomaji wa Tanga:

"Shikamoo fundi. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa reli hapa Tanga. Alipofariki tulikuta kalamu ya wino ndani ya kisanduku chake cha stakabadhi. Ni ya rangi ya damu ya mzee, kifuniko chake ni cha chuma, kishikizo cha kupachika mfukoni kina umbo la mshale, na kwenye ukingo wa kifuniko pameandikwa Parker, Made in England. Haiandiki. Nilimpelekea mtu mmoja mwenye duka la vifaa vya shule, akasema nibu imekatika, imebaki kincha tu, akataka nimwachie kwa bei ya soda mbili. Je, ni kweli imekufa? Na hata ikipona, kuna maana gani kuitumia wakati peni zimejaa kila kioski? Naona watu mtandaoni wanazihangaikia kalamu hizi na sielewi wanachokipenda."

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na babu. Kabla ya yote nikutoe wasiwasi: nibu, yaani kile kipande cha chuma kinachoandika, haijakatika. Kalamu uliyonielezea ndivyo ilivyozaliwa. Nibu yake ni ya dhahabu, imekunjwa kama kibomba chembamba, na imefichwa ndani ya ganda la shingo ikatoa ncha tu, kama kobe anayechungulia nje. Mtu aliyezoea nibu pana iliyo wazi, yenye umbo la kichwa cha mkuki, akiikuta hii kwa mara ya kwanza huona kuna kitu kimepungua. Nimeshaletewa nyingi za namna hii na wenyewe wakiniambia neno lile lile, "imevunjika." Kwa hiyo usiiuze, na kwa leo usiichokonoe na pini.

Kwa maelezo yako hii ni Parker 51. Ili uwe na hakika, vuta kifuniko moja kwa moja bila kukizungusha. Kikitoka kwa kuteleza, na chini yake ukaona pete nyembamba ya chuma inayotenganisha shingo na mwili wa kalamu, tuko pamoja. Angalia pia juu kidogo ya ncha: kama kuna mshale mdogo wa rangi ya dhahabu uliozamishwa kwenye ganda, basi hiyo ni Parker 61, mdogo wake, na utaratibu wake wa kujaza wino unaweza kuwa tofauti. Kama kwenye kifuniko pameandikwa Hero, hiyo ni kalamu ya Shanghai iliyotengenezwa kwa kufuata sura ya 51. Hazina ubaya, nimezitumia, lakini ni kitu kingine.

Alama ya mwisho iko ndani. Shika shingo kwa mkono mmoja na mwili kwa mwingine, zungusha kinyume cha mwendo wa saa. Mwili ukifunguka utaona mrija wa chuma wenye dirisha refu ubavuni, na ndani ya dirisha kuna kibapa chenye mikunjomikunjo. Juu ya mrija huo yamechongwa maneno madogo sana: jina la kalamu na maelekezo ya kujaza. Sijui kifaa kingine cha zama zile kilichobeba maelekezo yake mwilini namna hiyo, hata karatasi ya dukani ikipotea miaka sitini, bado kalamu yenyewe inakwambia ufanyeje. Usipoweza kuufungua, acha. Usitie plaizi. Ni wino uliokauka umegeuka gundi, na tutauyeyusha.

Sasa kwa nini wakafiche nibu? Hapo ndipo utamu wa kalamu hii ulipo.

Kampuni ya Parker ilianza mwaka 1888 katika mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwanzilishi wake, George Safford Parker, alikuwa mwalimu wa telegrafu, yaani simu za maandishi zilizopita kwenye waya. Alikuwa akiwauzia wanafunzi wake kalamu za kampuni nyingine kujiongezea kipato, kalamu zikawa zinavuja, wanafunzi wakarudi kulalamika, naye akawa anazifungua na kuzirekebisha. Mwishowe akaona heri atengeneze yake. Napenda kuwakumbusha watu jambo hilo: jina hili kubwa lilianzia kwenye meza ya fundi. Ilipofika 1939 kampuni ilikuwa na umri wa miaka 51, na kalamu mpya waliyokuwa wakiiunda wakaipa namba hiyo badala ya jina. Namba haihitaji tafsiri, inasomeka Brazil na inasomeka Tanga.

Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa wino kukawia kukauka. Ukiandika barua kwa kalamu ya zamani ilikubidi uwe na karatasi ya kukaushia, ama sivyo kiganja kinaburura maneno yote. Parker wakatengeneza wino unaonywea ndani ya karatasi mara tu unapogusa. Lakini wino unaokauka haraka kwenye karatasi hukauka haraka kwenye nibu pia. Ukisimama kidogo kufikiri, kalamu imeshakwama. Ndiyo maana nibu ikavikwa ganda: hewa isiifikie, ibaki na unyevu muda wote. Wino wenyewe ulikuwa mkali kiasi cha kuharibu seluloidi, plastiki ya kalamu nyingi za wakati ule, kwa hiyo mwili ukatengenezwa kwa plastiki mpya ya akriliki iitwayo Lucite, ya jamii ile ile iliyotumika kwenye vioo vya ndege za kivita. Chukua kalamu ya babu, ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu, kisha isugue taratibu kwenye shati la pamba. Utaona rangi inaamka. Akriliki ile haipauki ovyo kwa jua wala kwa jasho la mkono, na ndiyo sababu 51 ya mwaka 1950 inaweza kuonekana changa kuliko peni uliyonunua mwaka jana.

Ndani ya ganda hilo mna kitu kingine usichokiona. Ni kipande cha plastiki chenye matabaka membamba kama mashavu ya samaki. Kazi yake ni kuushika wino uliozidi pale hewa iliyomo kwenye kifuko cha wino ndani ya kalamu inapopata joto la mkono na kutanuka. Bila matabaka hayo wino ungesukumwa nje na kudondoka kwenye karatasi. Mashavu yanaudaka, yanaurudisha nibuni kidogokidogo unapoandika.

Kalamu iliingia soko la Marekani mwaka 1941 kwa dola 12.50, bei kubwa kwa mshahara wa siku zile. Vita Kuu ya Pili ikaja, viwanda vikageuzwa kutengeneza vifaa vya vita, kalamu zikawa adimu, na uadimu ukazidisha hamu. Mei 1945, baada ya Wajerumani kutia saini kusalimu amri kule Reims, Ufaransa, Jenerali Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Washirika huko Ulaya, alipigwa picha akiwa ameshika kalamu mbili za kutilia saini ameziweka kama herufi V. Zilikuwa Parker 51. Baada ya vita kiwanda cha Newhaven, kusini mwa Uingereza, kikawa kinazitengeneza pia, na hizo zenye Made in England ndizo zilizotumwa kwa wingi kwenye nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza, ikiwemo yetu. Zilidumu kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Karani wa reli aliyekuwa na 51 mfukoni alikuwa amelipia kitu alichotarajia kustaafu nacho.

Lakini 51 ni matunda, mti ulipandwa zamani zaidi. Neno letu "kalamu" tumelitoa kwenye Kiarabu, na Waarabu na Wagiriki wanashirikiana neno hilo kwa maana ya tete, yaani bua lililochongwa ncha. Waandishi wa pwani yetu waliandika tenzi na barua kwa matete hayo, kidau cha wino kikiwa pembeni. Kuchovya, kuandika maneno machache, kuchovya tena. Hamu ya kalamu inayobeba wino wake yenyewe ni ya kale sana. Kadhi Nu'man, mwandishi wa karne ya 10, ameeleza jinsi al-Mu'izz, khalifa wa Kifatimi, dola ya Kiislamu ya Afrika Kaskazini, alivyotaka kalamu isiyohitaji kidau, ambayo mtu ataweza kuitia kwenye mkono wa kanzu, hata kuipindua, isimchafue. Anasimulia kwamba fundi alimtengenezea, kwa dhahabu, ikafanya kazi. Ilivyofanya kazi ndani yake hatukuachiwa, lakini matakwa yenyewe ni yale yale ya mtu anayeweka kalamu mfukoni mwa shati jeupe.

Mwaka 1827 Petrache Poenaru, kijana wa Kiromania aliyekuwa akisoma Paris, alipewa hataza ya Ufaransa, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, kwa kalamu yenye hifadhi ya wino. Wengine wengi walijaribu kabla na baada yake. Wote waligonga mwamba ule ule: ama wino hautoki, ama unatoka wote kwa mkupuo.

Chukua kopo la maziwa, litoboe tundu moja, lipindue. Maziwa hayatoki, au yanatoka kwa kukwamakwama. Toboa tundu la pili, yanateremka vizuri, kwa sababu hewa imepata njia ya kuingia kujaza nafasi ya maziwa yaliyotoka. Kalamu ni kopo lile, isipokuwa ina mdomo mmoja tu. Lewis Edson Waterman wa New York ndiye aliyelimaliza fumbo hilo kwa namna iliyouzika, akapata hataza mwaka 1884. Chini ya nibu aliweka kipande cha ebonaiti, yaani mpira mgumu, akakichonga mfereji, na ndani ya mfereji huo akachanja nyufa nyembamba sana. Wino unapita kwenye nyufa kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa kandili, na hewa inarudi juu kupitia mfereji, kiasi kwa kiasi. Tone linatoka, kipovu kinaingia. Usipoandika, vyote vinasimama. Huo ndio moyo wa kila kalamu ya wino mpaka leo, ya bei ndogo na ya bei kubwa.

Utakuta hadithi kwamba Waterman, aliyekuwa wakala wa bima, alipoteza mkataba mnono kwa sababu kalamu ilimwaga wino juu ya karatasi wakati wa kutia saini, ndipo akaapa kutengeneza iliyo bora. Ni hadithi tamu na usiibebe kama ukweli. Kwamba aliuza bima ni kweli, lakini kisa cha mkataba kilienezwa na matangazo ya kampuni miaka mingi baadaye.

Baada ya Waterman kazi ilikuwa kujaza. Kalamu za mwanzo ulizifungua shingo ukatia wino kwa kidonyezi, kibomba cha kudondosha matone, na vidole vikaishia kuwa na rangi ya samawati. Kampuni ya Conklin ya Toledo, Ohio, ikaweka kifuko cha mpira ndani na hilali ya chuma ubavuni, ukibonyeza hilali kifuko kinaminywa, ukiachia kinavuta wino. Kisha Walter Sheaffer, sonara wa mji mdogo wa Fort Madison, Iowa, akapata hataza mwaka 1908 ya wenzo mdogo unaolala bapa ubavuni mwa kalamu: unauinua kwa ukucha, unaurudisha, kalamu imejaa. Naona mkono wa sonara kwenye ule wenzo, kwa jinsi unavyozama sawasawa na mwili usikwaruze kidole. Wajerumani wa Pelikan wakaja mwaka 1929 na pistoni: unazungusha kitako cha kalamu, nayo inavuta wino moja kwa moja mwilini bila kifuko. Montblanc, Wajerumani wengine, walikuwa wameshatoa kalamu yao ya Meisterstück mwaka 1924, na ile namba 4810 wanayoichonga kwenye nibu ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita.

Miaka hiyo ya 1920 na 1930 ndiyo iliyozaa kalamu ambazo macho hayashibi. Kabla yake karibu zote zilikuwa nyeusi, kwa kuwa ebonaiti haikubali rangi nyingi. Parker Duofold ya 1921 ilitoka na rangi nyekundu ya chungwa iliyoiva, ikauzwa dola 7, na watu wakalipa. Ilipoingia seluloidi ndipo mafundi walipolegeza mkono: kijani chenye mawimbi kama jiwe, lulu, mistari ya kahawia inayong'aa ukiigeuza kalamu kwenye jua. Seluloidi haikupakwa rangi juu, rangi iko ndani kwa ndani, kwa hiyo ukiisugua inazidi kina. Wajapani nao wakachukua ufundi wao wa kale wa kuchora kwa unga wa dhahabu juu ya laka na kuuhamishia kwenye kalamu. Kalamu moja ya namna hiyo ingeweza kukaa kwenye mikono ya fundi miezi.

Kilichozizima ni peni. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, aliona wino wa mitambo ya magazeti unakauka haraka, lakini ni mzito mno kwa nibu. Pamoja na ndugu yake mkemia wakauwekea kigololi kidogo kinachozunguka kwenye ncha. Alipata hataza mwaka 1938, akahamia Argentina kukimbia mateso ya Mayahudi Ulaya, na kutoka kwenye jina lake ndipo majirani zetu Kenya wakapata neno "biro". Oktoba 1945 duka moja kubwa la New York liliuza peni za gololi za Reynolds kwa mara ya kwanza, watu wakajipanga foleni. Bei yake? Dola 12.50, sawasawa na ile ya Parker 51 ilipoanza. Na zilikuwa zikivuja na kukwaruza. Miaka mitano baadaye Marcel Bich akatoa Bic yake ya plastiki angavu huko Ufaransa, bei ya kutupa, na mchezo ukaisha. Shule zikafukia matundu ya vidau kwenye madawati.

Sina kinyongo na peni. Imewafundisha kuandika watoto ambao wasingeweza kamwe kununua kalamu ya wino. Lakini umeniuliza watu wanapenda nini, na nitakujibu kama mtu aliyekaa nazo miaka mingi.

Kwanza ni mkono. Peni lazima uikandamize ili gololi izunguke. Kalamu ya wino haitaki kukandamizwa hata kidogo, wino unavutwa na karatasi yenyewe, wewe kazi yako ni kuielekeza. Mtu aliyeandika kurasa kumi kwa peni na kurasa kumi kwa kalamu ya wino anajua tofauti iko kwenye kidole gumba na bega. Makarani wa zamani waliandika kutwa nzima kwenye madaftari makubwa ya hesabu, na hati zao mpaka mstari wa mwisho zimenyooka.

Pili ni hiki, na ndicho ninachotaka ukiangalie mwenyewe. Kwenye ncha ya ile nibu ya dhahabu imeunganishwa chembe ya chuma kigumu mno, kwenye 51 ni mchanganyiko wa platini na rutheni, kwa sababu dhahabu peke yake ingelika na karatasi. Chembe hiyo nayo hulika, ila polepole, kwa miaka. Na haiwi duara tena, inapata unyayo: upande mmoja unakuwa bapa kufuata pembe ambayo mwenye kalamu alikuwa akiishika. Nikiweka nibu ya zamani chini ya lenzi naona unyayo ule, naweza kukwambia kama mwenyewe aliilaza sana au aliisimamisha, kama aliipinda kulia au kushoto. Ukiishika kwa pembe tofauti inakwaruza kidogo. Utakapoanza kuandika na ya babu, izungushe taratibu sana kati ya vidole mpaka mkwaruzo uishe na iwe kama inateleza juu ya siagi. Pembe hiyo ni yake. Ndivyo babu yako alivyoishika alipokuwa akiandika.

Tatu ni kwamba kalamu hizi zilitengenezwa zifunguliwe. Kifuko kikichoka kinabadilishwa, nibu ikipinda inanyooshwa, wino ukiisha unajazwa. Hakuna kitu cha kutupa isipokuwa chupa tupu, na chupa tupu za wino nyumba zetu zimezitumia kwa mengi. Mwaka 2021 Parker wametoa tena kalamu yenye jina 51 na ganda la kufanana. Nimeishika. Kifuniko chake ni cha kuzungusha, na ndani haina ule mrija wenye maandishi. Kama ningepewa kuchagua, ningeomba ya babu yako.

Haya, tuiamshe.

Tia maji safi ya baridi kwenye kikombe, kina cha vidole viwili. Nasema baridi kwa kusisitiza, na nikwambie sababu. Nilipokuwa bado najifunza, niliitia kalamu nyeusi ya ebonaiti ya mteja kwenye maji ya moto ili wino ulainike haraka. Ikatoka na rangi ya zeituni iliyopauka, na weusi ule haukurudi tena. Mzee yule hakunigombeza, alikaa kimya tu akiigeuza mkononi, na mpaka leo ukimya ule naukumbuka. Ya kwako ni akriliki, haitageuka rangi hivyo, lakini zoea maji ya baridi kwa kila kalamu ya zamani, utaepuka majuto. Spiriti pia usiiguse, huipasua akriliki nyufa ndogondogo zisizotibika.

Simamisha kalamu kikombeni, ncha chini, maji yafunike lile ganda lote mpaka karibu na pete. Baada ya dakika chache utaona uzi wa samawati unashuka kutoka kwenye ncha, umepinda kama moshi wa udi, ila unakwenda chini badala ya juu. Ni wino wa babu. Acha usiku kucha. Asubuhi badilisha maji, rudia. Wino wa miaka thelathini unaweza kuchukua siku tatu au nne, na hakuna njia ya mkato.

Mwili ukishakubali kufunguka, bonyeza kile kibapa ndani ya dirisha huku ncha ikiwa majini. Achia, subiri kidogo, bonyeza tena. Chini ya kibapa kuna kifuko cha plastiki ambacho Parker walikiita Pli-Glass. Kalamu nyingine za umri huo zina kifuko cha mpira, na mpira hugeuka ama mkavu kama ganda la yai ama mnato kama lami. Hiki cha 51 ni miongoni mwa vitu vilivyonishangaza katika kazi hii: kimekaa na wino miongo sita, kimegeuka rangi ya chai, na bado kinanyumbulika. Ukiona povu linatoka kwenye ncha kila unapobonyeza, kifuko kizima. Ukibonyeza kikatika, au usione povu lolote hata baada ya siku nne za kuloweka, hapo simama, itafutie fundi. Ganda la shingo linafunguka, lakini linataka joto kavu la kipimo na mkono uliozoea. Usilijaribu nyumbani, kwa sababu likipasuka kipuri chake ni shida.

Maji yakianza kutoka meupe, ifunge kwenye tishu, ncha chini, ikae nusu siku inyonye unyevu uliobaki. Kisha wino. Tafuta wino wa chupa wa kalamu za wino, samawati wa kufulika ndio salama zaidi kuanzia. Quink, ambayo Parker wameitoa tangu 1931, bado inatengenezwa. Muuzaji asikupe wino wa muhuri wala wa printa, na asikupe wino mweusi wa wachoraji, ule una gundi ndani yake na ukikauka kwenye yale mashavu ya samaki kalamu haiandiki tena. Zamisha ncha yote, bonyeza kibapa mara kadhaa huku ukisubiri kidogo kila ukiachia. Usishangae mara ya kwanza ikitoa povu tu. Ndani ya kifuko kuna kimrija kirefu, kila ukibonyeza hewa inatoka kupitia huko na kila ukiachia wino unapanda hatua moja zaidi. Ukimaliza futa ncha kwa kitambaa.

Ikiwa mfukoni iweke ncha juu. Mwezi mara moja ioshe kwa maji. Ukijua hutaitumia wiki nyingi, imwage wino, usiuache ukaukie ndani kama ulivyokaukia sasa.

Kuhusu thamani: zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo si mali ya kununulia kiwanja. Zinazopanda bei sana ni za miaka ya mwanzo zenye rangi adimu au vifuniko vya dhahabu tupu. Ya babu, yenye kifuniko cha chuma, ni kalamu ya kazi, na walio wengi wanaozitafuta wanatafuta hizo hizo, kwa kuwa wanataka kuandikia. Kama jina la babu limechongwa ubavuni, baadhi ya wanunuzi watakwambia limepunguza thamani. Usilifute.

Ukiifungua ukakuta mrija una maandishi, nipigie picha dirisha la kifuko nikuangalizie rangi yake. Na yule wa duka akiuliza tena habari ya kalamu, mwonyeshe ncha mbele ya taa umwambie nibu ipo.